Debe Likitikiswa

Mchana nikikaa kwenye kiti changu cha plastiki nje ya chumba ninachoishi hapa Ruiru, macho hujifunga yenyewe na maneno huanza kupita. Si watu wanaopita, ni maneno. Yale ya Kiingereza niliyoyafundisha nikiwa kijana. Hupita polepole kama waumini wanaotoka kanisani. "Always" hutangulia, kifua mbele, amevaa koti hata jua likiwaka. "Usually" na "often" humfuata wakiongea kwa sauti ya chini. "Sometimes" huja nyuma sana, viatu mkononi, akitazama pembeni kana kwamba kuna mtu aliyeahidiana naye hapo. "Never" hapiti. Yeye hubaki amesimama mlangoni, nami hufumbua macho kabla hajanigeukia.

Majirani hudhani ni uzee. Ni uzee, sikatai. Lakini kuna neno moja kati ya hayo nililolitumia vibaya, na nililitumia nikiijua maana yake, na mwaka huu lilinifuata mpaka kwenye posa ya mjukuu wangu.

Nilimaliza kidato cha nne wakati ambapo mtu wa kidato cha nne alikuwa mtu. Sikuwa na alama za kunipeleka mbele, ila zilitosha kunisimamisha mbele ya ubao. Nikachukuliwa kuwa mwalimu asiye na mafunzo katika shule ndogo ya msingi katikati ya mashamba ya kahawa, kati ya Ruiru na Thika. Ilikuwa na madarasa saba ya mbao, na kahawa ilikuja mpaka madirishani. Mvua za kwanza za Machi zikishanyesha, zilipita siku chache tu, halafu asubuhi moja tukakuta kahawa yote imechanua, weupe mtupu kila upande. Harufu iliingia darasani nzito na tamu mpaka watoto wakasinzia kalamu zikiwa mkononi. Mimi pia nilisinzia. Nikiikumbuka miaka ile naiona yote kupitia weupe ule, kama mtu anayechungulia nje akiwa nyuma ya pazia jepesi.

Siku hizi mahali pale pana magorofa ya kupangisha, na nguo zinakauka kwenye kila roshani. Nikipita, natafuta dirisha la darasa la saba angani, katikati ya mashuka ya watu.

Nilifundisha darasa hilo Kiingereza. Siku ya kufundisha maneno yanayoeleza jambo hutokea mara ngapi, niliingia na debe. Kila mtoto pale alilijua debe. Mama zao walichuma kahawa, kahawa ilipimwa kwa debe, na jioni ulisikia madebe yakigongwa kwenye kituo cha kupimia mpaka huku shuleni. Nikaliweka mezani. Debe lililojaa mpaka juu, nikasema, ni "always". Likipungua kidogo ni "usually". Likishuka tena ni "often". Nusu debe ni "sometimes". Punje chache chini kabisa ni "rarely". Debe tupu ni "never".

Nilijivuna. Hilo sikulitoa katika kitabu chochote. Sisi katika lugha zetu mtu husema tu kwamba fulani huja, basi, na anayemjua fulani anajua ni kuja kwa namna gani. Kiingereza kilitaka debe lipimwe, nami nilikuwa nimeleta debe.

Kando ya dirisha aliketi msichana mkubwa kuliko wenzake, wa miaka kumi na tano hivi, kwa sababu alichelewa kuanza shule. Alikuwa na macho makavu, yasiyopepesa. Akainua mkono.

"Mwalimu, na ikitikiswa?"

"Nini ikitikiswa?"

"Hiyo debe. Ile imejaa. Karani akiitikisa si inashuka?"

Darasa likaanza kucheka kichinichini. Karani wa shamba alikuwa na mtindo wake. Mama akileta debe lililojaa, yeye hulishika pande mbili akalitikisa mpaka kahawa ikalala vizuri, kisha akasema, "Haijajaa, ongeza." Kila mtoto mle ndani alikuwa amemwona mama yake akirudi kwenye mibuni jioni, mgongo umeinama, kutafuta kahawa ya kujaza pengo lililoletwa na mikono ya karani.

"Neno halitikiswi," nikasema.

"Sawa. Basi wewe mwalimu huwa unakuja shule always?"

Halafu sauti ya mvulana kutoka nyuma: "Mtikise uone!"

Darasa likapasuka. Walicheka wakapiga madawati, walicheka mpaka mwalimu wa darasa la sita akachungulia. Maana ukweli ni kwamba Jumamosi mimi nilikwenda Thika na marafiki, Jumapili ikanikuta huko huko, na Jumatatu nilifika saa nne nikinuka pombe, au sikufika kabisa. Nilidhani watoto hawajui. Watoto hujua siku za watu wazima kuliko wenyewe.

Nilicheka pamoja nao, kwa mdomo. Nikafuta ubao, nikatoka na debe langu. Njiani kwenda ofisini nilihisi kitu kidogo kikinikaa hapa, chini ya koo, na sikukitoa.

Msichana yule naye alikuwa akichelewa siku fulani, na alikuwa na sababu. Muhula wa tatu ndio msimu mkubwa wa kuchuma. Shamba lililokuwa karibu nasi lilichuma Jumanne na Alhamisi. Siku hizo mama yake alitoka alfajiri, naye akabaki na mtoto mchanga mpaka shosho wake, yaani bibi yake, afike kutoka ng'ambo ya bonde. Shosho akifika, yeye alikimbia. Aliingia darasani miguu imelowa umande, mbegu za nyasi zimeshika sketi yake pembeni, akasimama mlangoni kungoja niseme ndiyo. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alifika kabla yangu. Yote haya niliyajua. Asubuhi moja nilikutana naye njiani na mtoto mgongoni, akinisalimia kwa heshima, na nikamuuliza, naye akanieleza. Kwa hiyo nisiseme sikujua. Nimejaribu kulisema hilo miaka mingi na halikai.

Mwisho wa mwaka, kila aliyemaliza darasa la saba alipewa cheti cha kutoka shuleni. Mwalimu mkuu macho yake yalikuwa yanauma, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri, basi akaniachia vyeti niandike, yeye atie sahihi. Palikuwa na mstari wa kueleza kama mtoto huwahi shuleni. Nilikaa ofisini peke yangu, jua la saa tisa likiwa juu ya meza, na madebe yakigongwa mbali huko. Kwa wavulana wawili waliokuwa wachelewaji kweli niliandika "sometimes", kwa sababu baba zao walikuwa wakinisalimia vizuri. Nilipofika kwake, nikasimama. Kitu kile cha chini ya koo kikajigeuza.

Nikaandika: "She is always late."

Nilitia nukta. Nilipuliza wino ukauke. Nakumbuka hata pumzi ile, jinsi ilivyokuwa ya joto. Mwalimu mkuu akatia sahihi bila kusoma.

Msichana yule alikuwa amefaulu vya kutosha, na palikuwa na shule ya wasichana ya harambee iliyokuwa ikichukua watoto wa mashambani. Ilitaka tu kuona cheti. Mwaka uliofuata nikasikia hakwenda. Nikamwona siku moja kwa mbali kati ya mistari ya kahawa, kitambaa kichwani, kikapu kiunoni. Nikageuza njia. Nikajiambia: walimu wa shule ile wana akili zao, wao ndio waliokataa, mimi niliandika mstari mmoja tu. Mama mkuu wa shule ile sikuwahi kumwona, lakini nilimjenga akilini mwangu: mnene, miwani, anasoma cheti na kutikisa kichwa. Nilimbebesha nusu ya mzigo wangu, naye akanibebea zaidi ya miaka hamsini.

Mimi mwenyewe nilifukuzwa muda si mrefu baadaye, kwa ajili ya Jumatatu zangu. Barua yangu ilisema "often absent". Niliisoma mara nyingi. Hata waliokuwa wamenikasirikia walinipima kwa haki kuliko nilivyompima yule mtoto.

Baada ya hapo niliishi maisha ya kawaida. Nililinda bohari ya kahawa. Nilioa, nikapata mke mwema kuliko nilivyostahili. Yeye alikuwa na msemo wake. "Ukisema utakuja kila siku," alikuwa akisema, "mimi husikia Jumatano." Aliusema akicheka, kisha akaacha kuucheka, kisha akaacha kuusema. Pombe niliiacha nikiwa nimechelewa, kama nilivyofanya mengine yote. Mke wangu amezikwa. Watoto wana maisha yao. Aliyebaki karibu nami ni mjukuu mmoja, kijana anayetengeneza simu kwenye kibanda huko Mwiki, na yeye ndiye aliyeniambia siku moja, akiwa ameinamia simu iliyofunguliwa tumbo, "Guka, nimepata msichana. Kwao ni Thika. Utanisindikiza?"

Nilifurahi kama mtu aliyekumbukwa.

Tulienda kwanza ziara ya kujulikana, kijana na wazee wachache tu. Boma lao liko pembeni mwa Thika, ng'ambo ya mto, na lote lilikuwa miche: avokado, makadamia, kahawa, katika mifuko myeusi ya plastiki, safu baada ya safu, mpaka mtu akatembea kwa kuweka mguu mmoja mbele ya mwingine. Tuliambiwa ni kazi ya shosho wa msichana. Alianza na miche kumi kando ya barabara, sasa watu wanatoka mpaka Murang'a kununua. Nikasema moyoni, huyu ni mama wa nguvu. Kisha akatoka nje kutusalimia.

Alitupa mkono mmoja mmoja. Aliponifikia, alinitazama kwa macho makavu, yasiyopepesa.

"Mwalimu," akasema. "Leo umefika mapema."

Watu wakacheka, wakidhani ni utani wa wakwe. Hakuna aliyewahi kuniita mwalimu tangu siku zile. Hata mke wangu hakuniita hivyo. Nilikaa pale nikala wali na njahi bila kuonja, na sauti za wazee zikanifikia kama zinatoka chini ya maji. Nje ya dirisha miche ilitikiswa na upepo, ikatulia, ikatikiswa tena.

Siku zilizofuata nilizipitisha nusu macho, nusu ndoto. Niliketi kwenye kiti changu cha plastiki na maneno yakapita, lakini sasa "always" alikuwa na sketi ya shule yenye mbegu za nyasi pembeni, na miguu iliyolowa.

Ni lazima nieleze jambo la uji. Kwetu, wazee wa msichana hawakubali mahari wala kufunga neno lolote kabla hajaulizwa yeye mwenyewe. Zamani ilikuwa pombe ya asali. Sisi watu wa kanisa tumeweka uji mahali pake. Msichana hupewa kibuyu mbele ya watu, mzee akamuuliza, "Tunywe?" Akionja na kukirudisha, amekubali, na kibuyu kinazunguka, kwanza kwao, kisha kwetu. Mama yangu alinifundisha kwamba anayekunywa amesema hana neno alilolificha juu ya nyumba ile. Ukinywa kisha ukaja na neno baadaye, umewakosea mara ya pili. Na mimi, kwa kuwa ndiye mkubwa upande wetu, ilinilazimu kunywa.

Nikaenda Mwiki nikamweleza kijana. Nilimweleza yote, debe, cheti, wino. Alizima mashine yake ya kuchomelea nyaya akanisikiliza.

"Guka, neno moja?"

"Neno moja."

"Hiyo ni story ya kitambo. Hata yeye amesahau."

"Hajasahau. Uliusikia ule utani."

Mteja mmoja akaja, akaambiwa arudi baadaye. Kisha kijana akasema, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma:

"Sasa ona. Ukisema kabla, wazee wake watafunga mkutano. Watasema hiyo familia iliharibia mama yao maisha. Nitabaki hapo nikikuangalia. Aki guka, usinifanyie hivyo. Ngoja tuoane, halafu umwambie hata kila siku."

"Na uji?"

"Kunywa kidogo tu."

Nilicheka kidogo, na yeye akacheka kidogo, na hakuna aliyekuwa amecheka. Nilimwambia nitafikiri. Lakini nilimfahamu yule mtu wa ndani yangu anayesema atafikiri. Ndiye yule yule aliyegeuza njia kati ya mistari ya kahawa.

Siku yenyewe ilikuwa ya manyunyu mepesi. Mvua ilikuwa imeshanyesha siku kadhaa zilizotangulia, na tulipokuwa tukivuka kuingia upande wa Thika, kipande cha shamba kilichobaki kati ya magorofa kilikuwa kimechanua. Nilifungua kioo cha gari. Harufu ikaingia ile ile, nzito, tamu. Mjukuu wangu, aliyekuwa kando yangu akiwa na suti mpya, akauliza, "Ni nini inanuka hivyo?" Nikamwambia ni kahawa. Alishangaa, yeye alidhani kahawa hunuka tu ikiwa kwenye kikombe.

Langoni wanawake wa kwao walituzuia kwa nyimbo, wakitutania kwamba tumepotea, kwamba hapa hapauzwi simu. Wetu wakawajibu. Ilichukua muda. Mimi nilikuwa nyuma, nikitazama. Hatimaye lango likafunguliwa, na dereva wetu mmoja, akitafuta mahali pa kuweka gari, akarudi nyuma akakanyaga safu nzima ya miche. Mifuko ikapasuka. Watu wakapiga kelele, dereva akaomba radhi, watu wakaelekea hemani. Yule mama aliinama akaanza kuokota iliyokuwa bado mizima.

Nilimtazama mjukuu wangu. Aliniona ninavyomtazama yule mama, akatikisa kichwa polepole: hapana, guka. Nami nikatoka kwenye msururu nikamwendea yule mama.

"Mama," nikasema.

"Shika huu." Akanipa mche wa kahawa, mizizi iko nje. "Usiushike kwa shina. Shika kwa udongo."

Nikashika kwa udongo. Akapanga miwili mingine katika mfuko mpya, akashindilia kwa vidole gumba.

"Nina neno kabla ya uji."

"Mwalimu ana neno." Hakuinua uso. "Nilifikiri uliyamaliza yote kwa ubao."

Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Iliondoka yote. Nikasema: "Kwenye cheti chako niliandika kwamba unachelewa always. Haikuwa kweli. Ulikuwa unachelewa siku za kuchuma tu, na nilijua kwa nini. Niliandika hivyo kwa sababu ulinicheka mbele ya darasa."

"Sikukucheka. Darasa ndiyo ilicheka. Mimi nilikuuliza."

"Ndiyo. Uliniuliza."

"Na hukunijibu."

"Sikukujibu."

Alinyoosha mgongo kwa shida, mkono mmoja kiunoni, akanitazama. "Na hiyo karatasi, unajua niliipeleka wapi?"

"Kwa ile shule ya wasichana. Wakaikataa."

"Nani alikwambia?"

Nikafungua mdomo, na nikaona kwamba hakuna aliyeniambia. "Nilidhani."

"Sikuipeleka mahali," akasema. "Niliisoma kwa njia, kabla nifike nyumbani. Si wewe ndiye ulinifundisha hilo neno? Nililielewa vizuri sana. Debe imejaa mpaka juu. Nikasema, sasa nikipeleka hii, wataona mimi ni mtu wa namna gani? Nikaona aibu. Nikaambia mama shule imejaa, na mama akanipa kikapu. Karatasi nikafungia mbegu za malenge. Panya wakakula mbegu, karatasi wakaacha." Akapangusa udongo mkononi. "Hata panya hawakuitaka."

Kicheko kilinitoka kabla sijakizuia, na nilipokizuia nikakuta ni machozi. Mama mkuu wa shule yule, mnene, mwenye miwani, aliyenibebea nusu ya mzigo miaka yote hiyo, aliinuka akilini mwangu, akauweka mzigo chini mbele ya miguu yangu, akaondoka. Hakuwahi kuwapo. Palikuwa na neno langu tu, na mtoto aliyeliamini kwa kuwa mwalimu wake ndiye aliyeliandika.

Hemani walianza kutuita.

"Sasa unataka nini?" akaniuliza.

"Nilitaka nikuambie kabla sijanywa. Ukisema uji usinywewe, nitasimama nieleze watu wetu kwamba kosa ni langu. Kijana hana makosa."

"Najua hana." Alichukua mche mwingine. "Jina lenu nililisikia siku ya kwanza alipokuja kumtembelea mjukuu wangu. Nikanyamaza. Nikasema ngoja nione kama ni wa debe ya mwalimu. Amekuja hapa kila Jumapili, akitoka huko kwao na mvua na kila kitu. Jumapili moja tu alikosa. Na hiyo moja alinipigia simu, mimi, si msichana. Akaniambia, shosho, leo nimeshindwa." Akatabasamu kidogo, si kwangu, kwa mche. "Huyo hata ukimtikisa hashuki."

Nikasimama pale na mche wangu mkononi, manyunyu yakinidondokea kichwani. Nilikuwa na swali, na nilijua ni la mtoto, na nikaliuliza.

"Umenisamehe?"

Alilifikiria. Nilipenda kwamba alilifikiria. Kwa mbali, ng'ambo ya mto, kulikuwa na weupe mdogo juu ya kilima, na harufu ilikuja na kuondoka.

"Mara nyingine," akasema. "Kukichanua hivi, ndiyo, nakusamehe kabisa, hata nasahau. Halafu asubuhi naona kasichana na yunifomu kanakimbia kwa barabara, na hapana." Akachukua mche mkononi mwangu, akautia kwenye mfuko wake, akaupiga piga udongo ukae. "Debe yako iko nusu, mwalimu. Usiitikise."

Kisha akafunga leso yake upya, akatangulia kwenda hemani, nami nikamfuata.

Mjukuu wangu alitutazama tukija, uso umekauka. Aliona mikono yangu ina udongo. Mikono ya yule mama pia ilikuwa na udongo. Sijui alisoma nini hapo, lakini niliona kifua chake kikishuka.

Msichana akaletwa, akapewa kibuyu. Mzee wao akamuuliza kwa sauti kubwa, "Mama, tunywe?" Msichana aligeuza kichwa akamtafuta shosho wake kati ya wanawake, na shosho akainamisha kichwa kukubali, mara moja tu, kama mtu anayefunga mlango bila kuubamiza. Msichana akaonja. Vigelegele vikapanda mpaka juu ya hema.

Kibuyu kilizunguka kwao, mzee kwa mzee, kisha kikavuka kuja kwetu. Kilinifikia kikiwa nusu. Nilikishika kwa mikono miwili, nikanywa, uji ukiwa na uchachu mdogo na joto la mikono ya watu wote walionitangulia. Kisha nikakipitisha kwa aliyeketi kando yangu, polepole, nikiangalia nisikitikise.